Madam, Paka na Neno "Wengi"

Ukimwambia Madam kwamba watu walikuwa wengi, alikusimamisha papo hapo. "Wengi ni wangapi?" Hakujali kama umetoka matangani, sokoni Gikomba au kwenye mechi ya mtaani. Ukijikuna kichwa, alikuwa na jibu lake tayari: "Wengi si namba. Wengi ni mtu aliyechoka kuhesabu."

Alitufundisha Bayolojia katika shule moja ya sekondari kando ya Jogoo Road, na jioni alirudi Umoja, kwenye sehemu yetu ya nyumba sitini zilizozunguka kiwanja kimoja cha vumbi. Kwa hiyo mimi nilimpata mara mbili. Asubuhi alikuwa mwalimu wangu, jioni alikuwa jirani aliyebisha mlango kuomba chumvi. Mama yangu alisema hajawahi kuona mtu anayejua kila kitu kuhusu chumvi katika seli ya mmea na hajui imekwisha jikoni kwake.

Kanisani alikuwa msumbufu wa kimyakimya. Mchungaji wetu alipenda kutangaza kwamba ibada imehudhuriwa na watu elfu moja. Madam aligeuka polepole, akahesabu waliokaa kwenye benchi moja la katikati, benchi moja la nyuma na benchi moja la pembeni, akapata wastani, kisha akauzidisha kwa mabenchi yote. "Mia nne, labda mia nne na hamsini," alimnong'oneza aliyekaa karibu, na mnong'ono wake ulikuwa wa mwalimu, yaani ulifika hadi kwa wanakwaya. Baada ya miezi kadhaa wazee wa kanisa walimpa heshima ya kukaa benchi la mbele kabisa, ambako hakuweza kuona watu nyuma yake. Aliipokea heshima ile kwa furaha. Sidhani aliwahi kushuku sababu.

Darasani alianza na sufuria. "Mama akitaka kujua kama githeri imeiva, anakula sufuria nzima?"

"Hapana, Madam."

"Anaonja kijiko. Hicho kijiko ni sampuli. Lakini kwanza anafanya nini?"

Mutua, aliyeketi nyuma na aliyekuwa na jibu kwa kila kitu isipokuwa mtihani, akasema, "Anafukuza watoto jikoni."

"Anakoroga," alisema Madam, huku akijitahidi asicheke. "Asipokoroga, ataonja maharagwe matupu na kusema sufuria haina mahindi."

Hilo ndilo lilikuwa somo lake lote la ikolojia, na mengine yote yalikuwa maelezo. Huwezi kuhesabu kila mmea wala kila mnyama. Unachukua sehemu ndogo, unaihesabu vizuri, kisha kutokana nayo unakadiria jumla. Ila sehemu hiyo iwe imechaguliwa bila upendeleo, la sivyo utakuwa umejidanganya kwa bidii.

Kwa mimea alitumia fremu ya mbao, mita moja kila upande. Unailaza chini, unahesabu mimea iliyo ndani, unarudia mahali pengine na pengine, unatafuta wastani wa fremu moja, kisha unazidisha kwa ukubwa wa kiwanja. Mara ya kwanza alitupa uhuru wa kuitupa fremu tutakapo. Mutua akaitupa kila mara penye udongo mtupu, karibu na goli, ili amalize mapema akale. Kwa mujibu wa Mutua, kiwanja chote cha shule kilikuwa na mimea sita ya kishona nguo. Madam alitazama soksi za Mutua, ambazo peke yake zilibeba mbegu nyingi za kishona nguo kuliko hiyo mimea sita, akasema, "Soksi zako zimefanya utafiti mzuri kuliko wewe."

Tangu siku hiyo hatukutupa fremu tena. Madam alikusanya tiketi za basi zilizotumika, akazitia ndani ya kopo, nasi tukachomoa tiketi bila kuangalia. Tarakimu ya mwisho ilituambia tutembee hatua ngapi mbele, na tiketi ya pili ilituambia hatua ngapi pembeni. Hapo ndipo tulipolaza fremu, hata kama ni juu ya kinyesi cha mbuzi. "Tiketi haina rafiki," alisema. Wanafunzi wa madarasa mengine walidhani tunaokota takataka kama adhabu.

Mtu huyuhuyu, adui wa upendeleo, ungempata jioni kwa mama mboga akibonyeza kila parachichi lililokuwa mezani. Siku moja mama mboga akamwambia, "Mwalimu, si uonje kijiko kimoja tu kama githeri?" Maana watoto wa mama mboga pia walisoma kwa Madam. Madam akajibu kwamba parachichi ni suala tofauti, akaendelea kubonyeza.

Kosa lake kubwa, kama naweza kuliita hivyo kwa mapenzi, ni kwamba hakuwahi kukosea. Akiandika vibaya ubaoni, alitugeukia na kusema, "Nilitaka kuona kama mko macho." Alipotupotezea njia tukienda Shauri Moyo kwa mafundi wa mabati kutafuta waya wa chekecheke, tukazunguka hadi miguu ikatuuma, alitutangazia kuwa njia ile ilikuwa na mimea mingi zaidi ya kutazama. Alitufundisha kwamba kila kadirio lina kiasi cha kukosea na ni lazima ukitaje. Ila kiasi hicho, kwa jinsi alivyoonekana kuamini, kilikuwa cha namba, hakikuwa cha mwenye kuzihesabu.

Ndiyo maana habari ya paka ilimgharimu.

Mwaka nilipokuwa kidato cha tatu, mwenyekiti wa kamati yetu ya wakazi aliitisha mkutano kiwanjani. Alikuwa karani huko Makadara, mtu nadhifu, na paka walikuwa wamechagua mabati ya nyumba yake kuwa uwanja wao wa ngumi. Alikuwa na mikunjo ya kukosa usingizi chini ya macho. Akatangaza kwamba paka wasio na wenyewe wamezidi, na kwamba kuna mtu anayejua kutengeneza nyama ya sumu.

"Hizi paka ni nyingi kuliko watu," alisema.

Sauti ikatoka nyuma. "Umezihesabu, Mwenyekiti?"

Watu wakacheka, kwa sababu wote walijua ni nani.

"Mwalimu, kwa heshima zote. Nani anaweza kuhesabu paka? Ukihesabu huyu, yule ameruka ukuta."

"Mimi naweza."

Madam hakuwa na paka. Akiwa karibu nao alipiga chafya tano mfululizo. Lakini alituambia baadaye kwamba paka wakifa wote, panya hawataitisha mkutano, wataingia tu. Mkutano ukakubaliana hivi: Madam akadirie. Paka wakiwa wachache kuliko zile nyumba sitini, sumu isije. Wakizidi nyumba, sumu ije. Basi roho za paka wote wa kiwanja chetu zikawekwa juu ya hesabu ya mwanamke mmoja na kidato cha tatu.

Niwaeleze njia yenyewe, kwa kuwa ni rahisi kuliko inavyosikika. Chukua bakuli la maharagwe meupe, usijue ni mangapi. Toa ishirini, yatie doa la wino, yarudishe, koroga. Sasa toa ishirini tena bila kuchagua. Ukikuta kumi yana doa, maana yake ni kwamba nusu ya maharagwe yaliyomo bakulini yana doa. Na kwa kuwa unajua uliyatia doa ishirini tu, basi bakuli lina arobaini. Ukikuta matano tu yenye doa, ni robo, basi bakuli lina themanini. Doa likionekana mara chache, bakuli ni kubwa. Likionekana mara nyingi, bakuli ni dogo. Hivyo ndivyo wanavyohesabiwa samaki ziwani na ndege wasiotulia.

Lakini Madam alitukaririsha masharti. Wanyama wapewe muda wa kuchanganyika, kama kukoroga. Katikati ya ukamataji wa kwanza na wa pili wasihame, wasife, wasizaliwe wengi. Alama isimdhuru mnyama. Na alama isifutike.

Tulikamata kwa kreti za mkate zilizoegemezwa kijiti chenye kamba, na ndani tukaweka mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki minofu ikishakatwa. Sikuwahi kufikiri paka ana nguvu vile. Mutua alikwaruzwa hadi akaanza kuwaita paka "wakubwa". Kila aliyekamatwa alitiwa tone la rangi nyekundu nyuma ya shingo, mahali ambapo ulimi wake haufiki, kisha akaachiliwa. Ishirini. Madam alisimama mbali kidogo, akipiga chafya na kutoa amri.

Tukangoja wiki mbili, tukakamata tena ishirini. Wenye rangi walikuwa wanne.

Hata Mutua alijua kupiga hesabu hiyo. Wanne kati ya ishirini ni moja ya tano. Tulitia alama ishirini, basi jumla ni mia moja.

"Manze, Madam," alisema polepole, "si hiyo inamaanisha zimekwisha?"

Madam alirudia hesabu mara tatu, na kila mara ilitoka mia moja. Jumapili alasiri akasimama kiwanjani na kuitangaza, kwa sababu alikuwa ameahidi kutangaza kitakachopatikana. Mwenyekiti alipiga makofi peke yake. Kisha akaanza kueleza mipango ya nyama.

Hapo akasimama Mama Nekesa. Alikuwa akiuza omena na samaki wa kukaanga kwenye kibanda cha pembeni, na bila paka, panya wangemaliza magunia yake. Mkutano wa kwanza ulipofanyika alikuwa kwao Bungoma kwenye matanga, na hakuna aliyekumbuka kumweleza mambo. Kila mtu alidhani mwenzake amemweleza.

"Mia moja zimetoka wapi?" aliuliza. "Mimi naona zilezile tu. Na vile nimechoka kuziosha!"

Madam akageuka. "Kuziosha nini, Mama Nekesa?"

"Hiyo rangi nyekundu! Nilirudi nikapata paka zote za kwangu zimepigwa rangi. Nikasema, haya, kanjo wa jiji wamekuja. Si unajua wakipiga kibanda X nyekundu, kesho yake ni tingatinga? Mimi kibanda changu kimepigwa X mara mbili, mara mbili nikaisugua usiku. Sasa nitaacha hizi paka zibomolewe? Nilizipaka mafuta ya kupikia, nikazipangusa na kitambaa cha moto. Hata jirani yangu Mama Wanza alinisaidia. Moja ilimuuma."

Kilichofuata ni kicheko ambacho sijakisikia tena Umoja. Watu walishikana mabega. Mwenyekiti mwenyewe alifungua kifungo cha shingo. Ni sisi wa kidato cha tatu tu ambao hatukucheka, kwa sababu tulimtazama Madam, na tulikuwa tumeelewa. Alama zilifutika, basi wenye alama wakaonekana wachache, basi bakuli likaonekana kubwa. Wema wa Mama Nekesa ulikuwa umewaongeza paka hadi wakakaribia kuuawa.

Tulingoja aseme kwamba alitaka kuona kama tuko macho.

"Nimekosea," alisema Madam.

Alilisema neno kama mtu anayeonja chakula cha ugenini. Kisha akaendelea, na sauti ikapata nguvu. "Mama Nekesa hajakosea. Nilichagua rangi nyekundu mtaani Umoja, na sikumuuliza mtu yeyote rangi nyekundu hapa maana yake ni nini. Hesabu ya mia moja ni mbovu. Naomba nirudie."

"Na ukirudia ikosee tena?" aliuliza Mwenyekiti.

"Nitasema tena."

Mara ya pili hatukutumia rangi. Tulipunguza manyoya kidogo kwenye ncha ya mkia kwa mkasi, na Madam alikwenda nyumba kwa nyumba kueleza, hata kwa walioeleweshwa tayari. Mama Nekesa akawa mkamataji mkuu. Paka walimjia bila kreti. Mama Wanza alishika miguu ya nyuma. Watoto wakaanza kuwapa paka majina. Hata Mwenyekiti aliitwa kushika gunia, akakwaruzwa mkono, akasema kwa mshangao, "Huyu ni yule wa mabati yangu! Namjua kwa sikio."

Safari hii tulitia alama ishirini. Baadaye tukakamata ishirini na wanne, na tisa kati yao walikuwa na mikia iliyopunguzwa. Piga mwenyewe: ishirini mara ishirini na nne, ugawe kwa tisa. Ni hamsini na tatu na kitu. Chini ya sitini. Tulirukaruka darasani hadi mwalimu wa jirani akaja kuchungulia.

Madam hakuruka. "Na kiasi cha kukosea?" aliuliza. Tukapiga hesabu hiyo pia, naye akatusaidia sehemu ngumu. Kwa sampuli ndogo kama yetu, jumla ya kweli ingeweza kuwa popote kati ya arobaini na sabini.

"Madam, si tusiseme hiyo?" nilimwomba. Nilikuwa nimeshika mkia wa karibu kila mmoja wa wale paka.

"Hiyo ndiyo hesabu, mwanangu. Hamsini na tatu peke yake ni nusu ya jibu."

Jumapili ilipofika alisimama tena kiwanjani. "Kadirio ni hamsini na tatu," alisema, na watu wakaanza kushangilia. Akainua mkono. "Lakini huenda ni arobaini. Na huenda ni sabini."

"Mwalimu!" Mama Nekesa alimvuta sketi, na hakujaribu hata kunong'ona. "Sema hamsini na tatu unyamaze!"

"Inaegemea chini ya sitini. Lakini siwezi kuapa."

Mwenyekiti akakunja mikono. "Sasa Mwalimu, hii ni hesabu ama ni utabiri wa mvua? Tulikubaliana. Wakizidi, sumu. Wasipozidi, hakuna. Wewe unasema wamezidi na hawajazidi."

"Nasema ninachojua. Kuamua ni kwenu."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa utaratibu, na mkwaruzo mkononi ulikuwa bado mwekundu. Aliutazama. "Basi tuamue," alisema. "Nyama itawekwa penye milango. Nani anakubali iwekwe mlangoni pake? Ainue mkono."

Watu walitazamana. Wengine walitazama paka wawili waliokuwa wamelala juu ya ukuta, mmoja akiwa na mkia uliopunguzwa vibaya, kazi ya mkono wa Mutua. Hakuna mkono ulioinuka. Mwenyekiti mwenyewe aliacha wake mfukoni.

"Agenda imeahirishwa," alisema. Na kwa kamati yetu, jambo lililoahirishwa limezikwa.

Nilimwona Madam kwa mara ya mwisho pale Umoja miaka kadhaa baadaye, siku aliyostaafu na kuhamia kwao Machakos. Mimi nilikuwa nimeanza kufundisha, na nilikuja kumsaidia kupakia vyombo kwenye pikapu. Mama Nekesa alikuwa amemfungia samaki wa kukaanga kwa safari ambayo haikuhitaji samaki wengi kiasi hicho. Tulipokwisha kufunga kamba, nilimuuliza swali nililokuwa nalo tangu kidato cha tatu.

"Madam, na kama mikono ingeinuka? Ungejuta kutaja ile sabini?"

"Hapana. Namba ilikuwa namba."

"Na paka?"

Aliangalia huku na huku, kana kwamba kamati ilikuwa bado inasikiliza. "Idadi ya viumbe mahali hubadilishwa na mambo mangapi?"

Nilinyooka kama mwanafunzi. "Manne, Madam. Kuzaliwa, kufa, kuingia na kutoka."

"Basi Jumapili ile nilikuwa nimeshakubaliana na mwenye pikapu kuhusu hilo la nne. Magunia yalikuwa chini ya kitanda changu. Mama Nekesa alikuwa ashike, mimi nifunge."

"Madam! Na chafya?"

"Nilikuwa nimenunua leso."

"Lakini si hiyo ingekuwa kuharibu utafiti?"

"Utafiti gani?" alisema, akipanda mbele na kujifunga kitambaa kichwani kwa ajili ya vumbi. "Matokeo nilikuwa nimeshayatangaza."